Maji Yalifika Yamechoka

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka wa 1954, Constance aliingia bwawani mpaka magotini, akatoa muhogo mmoja kati ya ile aliyoiloweka Ijumaa, akaubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa mgumu. Muhogo uliokaa majini siku nne unapaswa kuachia ganda wenyewe na kutoa ile harufu ambayo watoto huziba pua na mama zao hufurahi. Huu ulinuka udongo tu, kama umechimbwa asubuhi ile. Akaurudisha. Maji yaliyomzunguka yalikuwa yamekaa chini, na alipogeuka kutoka hayakujisumbua kumpisha.

Mto Kalembwe ulikuwa umechoka tangu mwezi wa tatu. Hilo lilijulikana kwa kila mtu, kuanzia mlimani mpaka karibu na mji wa Baraka, mto unapoingia ziwani.

Habari yenyewe ilianzia barazani, mwaka uliotangulia. Kampuni iliyopewa kazi ya kuleta umeme ilimtuma mhandisi wake, mzungu mmoja mrefu, ambaye alipima mto, akapima barabara, akapima hata ngazi za kanisa alipokuwa akimngoja padri amalize misa. Watu wakamwita Bwana Kipimo. Alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba njia ni mbili. Kuna mashine ya mafuta, itakayoletwa kwa meli kutoka Albertville, na mafuta yake yatafuata kwa meli hiyo hiyo kila mwezi. Na kuna mashine ya maji, itakayowekwa juu kule, Kalembwe unapoanguka kwenye mwamba.

"Mafuta iko ya kununua," alisema. "Maji iko inakuja yenyewe. Maji hakuna bei."

Constance alikuwa amekaa na wamama wa bwawani. Bwawa lao liko chini ya maporomoko hayo, na bibi zao na bibi za bibi zao walilowekea mihogo hapo. Akainua mkono.

"Bwana, na ile maji ikiisha kufanya kazi yako, itabaki na nini?"

"Itabaki maji."

"Yote?"

"Yote. Hata glasi moja haitapotea."

Na alisema kweli. Hilo lisemwe wazi, maana Bwana Kipimo alikuwa na makosa yake lakini uongo haukuwamo. Wanaume wakachimba mfereji kwa zile siku sitini za kazi ya lazima ambazo serikali iliwadai kila mwaka. Norbert, mume wa Constance, alizichimba zote sitini, akarudi nyumbani, akanawa, kisha akaenda kwenye machimbo ya Lulimba kuchimba dhahabu, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshazoea. Mashine ikafungwa. Siku ya kuiwasha, Bwana Kipimo alipima maji yanayoingia na maji yanayotoka, na hesabu zikalingana mpaka tone la mwisho. Taa zikawaka kwenye kiwanda cha pamba, kwenye nyumba za wazungu na kwenye biro, ofisi ya Kampuni. Nyaya zilipita juu ya paa la Constance na kuendelea na safari yake.

Maji yaliyotoka upande wa pili wa mashine yalikuwa yaleyale, ila yalikuwa yamechoka.

Mwanzoni yalipunguza mwendo tu. Maji yaliyozoea kufika ziwani kabla ya saa sita mchana yakaanza kufika kesho yake. Kisha yakawa yanakaa njiani. Yalikaa kwenye kona, yalikaa chini ya daraja, yalikaa katikati ya kivuko, na watu wakazoea kuyazunguka huku wakiyapa pole. Ndoo ya maji ya Kalembwe ikawa nzito kichwani, kama mtoto aliyelala anavyokuwa mzito kuliko aliye macho. Nguo zilizofuliwa humo zilitoka zimelowa tu, basi.

Zubeda, mwanamke wa kule Baraka aliyepanda kila Jumamosi na ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kuja kubadilishana na unga wa Constance, aliyatazama maji hayo yakihema kwenye kivuko akatikisa kichwa.

"Ule Bwana Kipimo anapimaka kila kitu," alisema. "Lakini muntu hajalimaka pamba, kuchoka atakujulia wapi?"

Hayo yote yalivumilika. Lisilovumilika ni muhogo. Muhogo wa kule ni ule mchungu, unaokubali udongo mbaya, kwa kuwa udongo mzuri ulikuwa umepewa pamba kwa amri. Una sumu ndani yake. Sumu hiyo huondolewa na maji yenye nguvu zake, kwa siku nne, na njia ya mkato hakuna. Mwezi wa nne akiba ya unga ikaisha. Constance aliloweka, akangoja siku nne, akangoja sita, akangoja nane. Mihogo ililainika nje, ndani ikabaki kama mti. Siku ya tisa alikuwa na mtoto mwenye njaa. Akamenya, akaanika, akatwanga, akasonga bukari, ugali wa muhogo, wakaila na sombe, majani ya muhogo huo huo, wiki tatu.

Mtoto huyo ni Marie, binti yake wa pekee, mwenye miaka tisa, aliyewashinda wasichana wote wa misheni kwa kuruka kamba. Asubuhi moja aliamka na mguu wa kushoto umekakamaa, vidole vimeelekea chini, kama mguu umeamua kusimama kwa ncha siku zake zote. Hakulia. Alisema, "Mama, mguu hainisikie."

Henri, muuguzi wa dispensari, aligonga goti la kushoto, akaligonga tena. Mwezi ule alikuwa ameshagonga magoti ya watoto wanne wa mto huo huo.

"Huu mguu haitarudia vile ilikuwa," alimwambia Constance. "Ule mwingine iko muzima bado. Lakini akikula tena muhogo yenye haijaiva majini, nao utaenda. Mama Marie, unanisikia?"

Constance akasema amesikia. Alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo, hata siku ya kumzaa, na tangu hapo hakuwa na jambo jingine kichwani isipokuwa mguu wa kulia wa Marie.

Ndiyo maana Jumanne ile alikuwa bwawani akibonyeza mihogo. Kwingine alikuwa ameshakwenda. Juu ya mashine, ambako maji yalikuwa bado na nguvu zake, Kampuni ilikuwa imezungushia senyenge na kuweka mlinzi. Ziwani alikuwa ameshabeba kikapu, nusu siku kwa miguu. Mawimbi yakachukua nusu ya mihogo, na nusu iliyobaki Zubeda aliifukuzia majini akiwa na nguo zake zote. Majuma hayo Marie alikula ndizi, na ndagala wa Zubeda. Ndizi zilikuwa zimebaki mkungu mmoja.

Jumatano Constance alipanda kwenye biro ya Kampuni. Karani wake alikuwa Bonaventure, mtoto wa pale pale, aliyepiga pasi suruali mpaka mkunjo wake ungeweza kukata sabuni. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa. Wamama wengine watatu walikuwa wamemtangulia wiki ile.

"Nguvu ya maji inauzwa, Mama Marie," alisema. "Tunaweza kuteremsha waya mpaka bwawani, maji inarudishiwa nguvu, muhogo inalainika. Iko tarifu tatu."

Akageuza karatasi ya bei ili aione, ingawa Constance hakusoma. Tarifu ya kwanza ilikuwa ya kiwanda cha pamba: faranga moja kwa kipimo, kwa sababu kiwanda kinatumia nyingi. Tarifu ya pili ilikuwa ya nyumba za wazungu: faranga mbili. Tarifu ya tatu ilikuwa ya wengine wote: faranga sita, kwa sababu wanatumia kidogo.

"Mwenye kutumia kidogo ndiye analipa mingi?"

"Kwa kila kipimo, ndiyo. Ni vile iliandikwa."

"Na ile nguvu ilitokea wapi?"

Bonaventure alitazama dirishani, upande wa mto. "Ilitokea kwa maji."

"Na mufereji, nani aliuchimba?"

"Mama Marie," alisema kwa upole, "mi naandikaka tu."

Beseni moja la mihogo lingehitaji vipimo vitano. Pamba ambayo Constance alikuwa ameilima na kuivuna mwaka mzima ingelainisha muhogo wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Akashukuru, akasimama. Bonaventure alimfungulia mlango na kumsindikiza mpaka barazani, maana alikuwa amelelewa vizuri.

Jioni hiyo maji yakaja nyumbani kwake.

Nyumba ya Constance ndiyo iliyo karibu na mto kuliko zote, pale unapopinda baada ya bwawa. Alikuwa anamenya ndizi za mwisho aliposikia kitu kimesimama mlangoni. Yalikuwa maji ya Kalembwe, si mengi, kiasi cha kujaza mitumbwi miwili. Yalikuwa yametoka mtoni, yakapanda mteremko polepole, yakafika kizingitini na kukaa hapo, kama mtu ambaye hana hata nguvu ya kupiga hodi. Constance aliyatazama. Kwa haki alipaswa kuyakasirikia. Lakini mgeni akifika jioni amechoka, haulizwi alikotoka wala alichokosa.

"Karibu," akasema.

Akatandika mkeka. Maji yakaingia, yakajinyoosha juu yake kwa kina cha kiganja, na hakuna tone lililovuka ukingo kwenda sakafuni. Marie, kwa mguu wake mmoja, akaleta kanga akayafunika.

Yalilala usiku ule, na kesho yake kutwa, na usiku wa pili. Constance alipita pembeni akienda kupika na kufagia, na alimkataza Marie kuimba karibu nayo. Siku ya pili jioni yalikuwa yameanza kutikisika kidogo pembeni, kama mtu anayejigeuza kabla ya kuamka. Sasa, mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Maji hayawezi kushika jembe. Asubuhi ya siku ya tatu Constance alileta mihogo, beseni zima, akaipanga juu ya mkeka ndani ya maji, akayaambia kazi ndiyo hii.

Kabla jua halijatua Marie aliziba pua. Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Constance akabonyeza muhogo, na kidole gumba kikazama mpaka kwenye kiungo. Akakaa chini akalia kidogo, kisha akaanza kumenya. Maji yalitoka kwa mlango wa jikoni yakateremka mtoni mbio mbio, na nyuma yao mengine yalikuwa yameshafika kizingitini, yamekaa, yanangoja.

Basi ikawa hivyo. Zubeda alisikia habari hizo sokoni, na Jumamosi akapanda na mikeka minne ya ukindu, ile ya kukalisha wageni wa maulidi.

"Tandika pembe zikae sawa," alisema. "Hata maji inajuaka fasi yenye wanaiheshimu."

Wamama wa bwawani wakaleta mihogo yao kwa zamu, kila mmoja na siku yake. Walijaribu kutandika kwao pia, lakini nyumba zao zilikuwa juu zaidi, na maji yaliyochoka hayapandi mbali. Kila Jumamosi Henri aligonga goti la kulia la Marie, na mguu ukaruka kama inavyotakiwa. Marie akajifunza kutembea na fimbo. Mwezi wa nane aliruka kamba mara tatu kwa mguu mmoja, akaanguka, akacheka, na Constance akamgombeza kwa furaha.

Mwezi huo huo kiangazi kilikaza. Kalembwe ulishuka mpaka mawe yakaonekana migongo. Kiwandani taa zikawa njano, na mashine ya kutenga mbegu na pamba ikaanza kusimama mchana. Bwana Kipimo akateremka na vyombo vyake kuukagua mto, kona kwa kona, mpaka akafika kwa Constance. Alivua kofia. Alichutama kando ya mkeka, maji yakiwa kwenye siku yake ya pili, akaingiza kipimo taratibu, akaandika. Akaingiza tena, akaandika tena. Maji yaliyopumzika yalikuwa na nguvu mara mbili ya yale ya mlimani.

"Mikeka ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yangu. Ingine ni ya Zubeda."

"Kazi ya kulinda maji, unalipwa?"

"Nilipwe na nani? Ni mugeni."

Bwana Kipimo akaandika sifuri.

Kampuni ikakaa kikao. Njia zilikuwa mbili, kama zamani. Kuna mashine ya mafuta, ya kusaidia wakati wa kiangazi. Na kuna mashine ndogo ya maji, ya pili, ya kufungwa nyuma ya jiko la Constance, na bomba la kutoka mkekani. Mafuta yananunuliwa. Maji yanakuja yenyewe, na sasa yalikuwa yanajilalia yenyewe, kwenye mikeka iliyokwisha kulipiwa na watu wengine. Wanasema kahawa ilikuwa bado ya moto walipoinuka.

Mwezi wa tisa ukuta wa nyumba ukatobolewa, bomba likapitishwa. Kila alfajiri Raphaël, fundi wa koki, alipiga hodi, akaingia kwa adabu, akafungua koki. Maji yaliyokuwa yametimiza siku zake mbili yakaondoka kwa bomba, yakazungusha ile mashine, nguvu ikapanda kwenye waya kwenda kiwandani, na maji yakatoka nyuma ya jiko yakiwa yamechoka, yakajikokota mpaka ziwani. Siku mbili zilikuwa za Constance. Jembe la siku ya tatu lilitolewa na Kampuni.

Constance alipanda tena kwenye biro. Bonaventure alimpa kiti kilekile. Alimsomea barua kutoka juu: mto ni wa Kampuni kuanzia maporomoko mpaka ziwani, na maji ya mto, hata yakilala nyumbani kwa mtu, ni mto.

"Na mikeka?"

"Mikeka ni yako, Mama Marie. Hakuna mwenye ataigusa."

"Mutoto wangu iko na mguu moja muzima, Bonaventure. We unamujua. Muniachie siku moja tu kwa juma, maji ifanye kazi yangu."

Bonaventure alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Macho yalikuwa yamemwiva. "Naweza kukuandika kwa tarifu ya tatu," alisema.

Zubeda alipoambiwa hayo hakutafuta maneno. "Usitandike," alisema. "Ikose fasi ya kulala, tuone watazungusha nini."

Ni shauri zuri, na Constance alilikubali. Jioni ile aliikunja mikeka yote akaipandisha darini, akafunga mlango, akakaa na Marie jikoni. Maji yakaja. Yakakuta mlango umefungwa, yakakaa nje. Upepo wa kiangazi ulikuwa unateremka kutoka milima ya Bibokoboko, ule unaofanya hata ng'ombe wa kule juu wasimame wamebanana. Maji hayakugonga wala hayakulalamika. Mengine yakafika, yakakaa nyuma ya yale ya kwanza, na mengine nyuma yao, mpaka msururu ukafika mtoni.

Marie alikuwa akichungulia kwenye ufa wa mlango. "Mama," alisema, "inatetemeka."

"Iache."

"Ile ya mbele imechoka sana, Mama."

Constance alistahimili mpaka uji ukapoa. Alijua kwamba mlango ule ndio silaha pekee aliyokuwa nayo, na alijua kwamba hataweza kuishika mpaka asubuhi. Mama yake hakuwahi kumlaza mgeni nje, wala mama wa mama yake. Akateremsha mikeka. Alikuwa na hasira, na bado alinyoosha pembe zote mpaka zikakaa sawa. Kisha akafungua mlango.

"Karibu," akasema.

Baada ya hapo alijaribu kuyapa mihogo siku ya kwanza, akajaribu siku ya pili. Maji yaliipokea, hayakukataa, lakini yalikuwa bado usingizini, na mihogo ilitoka kama ilivyoingia. Unga uliokuwa umehifadhiwa ukafika mwezi wa kumi. Ndizi zilikuwa zimeisha zamani. Zubeda alileta ndagala kila alipopata, na hakupata kila mara. Mwezi wa kumi na moja Constance alipika alichokuwa nacho, ile mihogo isiyolainika. Alikula kwanza yeye, peke yake, siku nne, akaangalia miguu yake, ikawa mizima. Ndipo akampa mtoto kidogo, na siku iliyofuata kidogo, kwa kuwa mtoto alikuwa na njaa.

Henri aligonga goti la kulia mara moja. Hakuligonga tena. Alimshika Constance bega, wakakaa hivyo.

Mwaka ule kiwanda cha pamba hakikusimama tena hata siku moja. Bwana Kipimo alipopima mwisho wa mwaka, maji yaliyoingia na maji yaliyotoka yalilingana mpaka tone la mwisho, na barua ya kumsifu ikatoka Ulaya. Tarifu zilibaki tatu.

Constance anapokwenda shambani kwenye pamba, nyumba huachwa kwa Marie, kwa kuwa yeye yupo siku zote. Jioni ikikaribia hujikokota kwa mikono mpaka ukutani ilipoegemea mikeka, maana sasa wanaiweka chini, si darini, ili aifikie, akaitandika mmoja mmoja na kunyoosha pembe. Husema karibu kabla maji hayajafika kizingitini, ili yasisimame nje. Na siku ya tatu alfajiri, Raphaël akipiga hodi, Marie huamka, hushika miguu yake kwa mikono miwili, huihamisha kwanza mmoja, halafu mwingine, ili fundi apate fasi ya kupita kwenye koki.